Kiingereza Kisichokuwamo Vitabuni

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Simbo, Wilaya ya Kigoma



Kamati imetutaka tuseme nanyi habari ya Kiingereza, na tulipoipokea barua yake tulijiuliza kwanza kama iko haja. Hapana hata mmoja kati yetu hapa asiyeweza kusoma barua ya Kiingereza na kuijibu. Wengi wetu tulipita mikononi mwa mapadre na masista, tukafundishwa kanuni za sarufi hata tukaweza kuzitamka usingizini. Haja iko, walakini haiko upande huo. Iko upande wa maneno ayasemayo Mwingereza akiwa ameketi kitini, anakunywa chai yake, wala hafikiri habari ya sarufi hata kidogo. Maneno hayo hatukufundishwa, nayo ndiyo yatukwazayo kazini.

Twatoa mfano mmoja. Karani wa ofisi moja, ambaye hatutamtaja wala ofisi yake, alipata barua pepe kutoka kwa watu wa misaada. Watu wale walitaka kujenga vyumba viwili vya darasa, wakamwomba awapelekee "a ballpark figure" kabla ya siku ya Ijumaa. Karani huyu cheti chake cha Kiingereza ni bora kuliko vya wengi wetu. Akayatazama maneno yale moja moja: "ball" ni mpira, "park" ni uwanja, "figure" ni tarakimu. Basi akatwaa kamba, akamwita tarishi, wakaenda kuupima uwanja wa mpira wa shule, urefu na upana wake, akapeleka hesabu hiyo kwa barua safi isiyo na kosa hata moja. Wale wa misaada walipoisoma hawakufahamu. Wakadhani imekosea njia, wakanyamaza. Ilipojulikana walichotaka, wiki tatu zilikuwa zimepita na fedha zimekwisha tengwa kwa shule ya kata nyingine. Watoto wakaendelea kusoma chini ya mwembe mwaka ule wote.

Na walichotaka ni nini? Makadirio tu, hesabu ya kukisia, isiyo kamili. Msemo huo umetoka Marekani, katika viwanja vya mchezo wa besiboli, na siku hizi Waingereza nao wanautumia. Neno la Kiingereza la kawaida lenye maana ya kukadiria karani yule alilijua tangu shule ya msingi. Lau wangaliliandika hilo, angalijibu siku ile ile.

Wako watakaosema: angefungua kamusi. Kamusi ni kitu kizuri, nasi hatuidharau. Halmashauri ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, na mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili kubwa zilizoanzwa na Frederick Johnson, moja ya Kiswahili kwa Kiingereza na moja ya Kiingereza kwa Kiswahili. Makarani wengi waliotutangulia walizitumia kazini. Lakini kamusi hueleza neno, na msemo si jumla ya maneno yake. Fikirini wenyewe. Mgeni akipita sokoni Ujiji akasikia kwamba kijana fulani amepata jiko, naye akafungua kamusi, atakwenda kumpongeza kwa kununua chombo cha kupikia. Akisikia kwamba mzee fulani ana mkono wa birika, atamwonea huruma kwa kilema chake. Akiambiwa kwamba jirani amevaa miwani tangu saa nne asubuhi, atadhani macho yake ni mabovu. Sisi hatukuyasoma maneno hayo katika kitabu cho chote. Tuliyasikia kwa wazazi na kwa wenzetu, tukayaona yakitumika, tukacheka na wenzetu wanaocheka, mwisho yakawa yetu.

Hata wageni waliokijua Kiswahili vizuri walipita njia hiyo hiyo. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika Unguja mwaka 1864. Hakukaa chumbani na vitabu tu. Alikaa na watu, akawasikiliza wakisimulia hadithi, akaziandika kama zilivyosemwa. Mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha yetu, na mwaka huo huo kitabu cha zile hadithi. Tukitaka Kiingereza kwa namna alivyotaka yeye Kiswahili, yatupasa kutafuta midomo ya kusikiliza.

Ndugu zetu, sisi wa pande hizi tunao mfano wa karibu zaidi, nao wengi wetu tumeupita bila kuuona. Kila mtoto wa Kigoma amefundishwa ya kuwa Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na wageni huletwa kulitazama jiwe la ukumbusho. Lakini waulizeni watoto hao, ni nani aliyemwamkia Stanley kwa Kiingereza kabla hajamwona Livingstone? Watanyamaza. Alikuwa ni Abdullah Susi, mtu wa Chupanga penye mto Zambezi. Stanley alikuwa akiingia mjini kati ya makelele na milio ya bunduki. Mara akasikia sauti ikimtakia asubuhi njema kwa Kiingereza, akashangaa. Kisha akaja mwenzake Susi, jina lake Chuma, naye pia akamwamkia.

Susi alikipata wapi Kiingereza chake? Chuma aliwekwa katika shule ya misheni kule Bombay, lakini Susi alipokaa Bombay alifanya kazi bandarini. Kabla ya hapo alikuwa katika kazi za mashua huko Zambezi, na baada yake alisafiri na Livingstone miaka mingi. Basi shule yake ilikuwa kazi, na mashua, na moto wa jioni kambini. Livingstone alipofariki mwaka 1873, wawili hawa ndio walioongoza safari ya kuuleta mwili wake pwani. Na mwaka 1874 walifika Uingereza, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akizitengeneza shajara za mwisho za Livingstone ili zipigwe chapa, wakamweleza habari za njiani ambazo hakuna mwingine aliyezijua. Ingekuwaje kama wangelijua Kiingereza cha mitihani peke yake? Mtu aweza kufaulu mtihani asiweze kueleza habari ya mto aliouvuka jana.

Na hapo hapo Ujiji ndipo ulipozaliwa msemo mmoja ujulikanao dunia nzima. Maneno ya adabu ambayo yasemekana Stanley alimwambia Livingstone, ya kukisia kwamba huyu ndiye, yamegeuka kuwa mzaha wa Waingereza na Wamarekani. Mgeni akikufikia bandarini, akakunyoshea mkono, akataja jina lako na kumalizia kwa "I presume", msidhani kwamba ana shaka na jina lako, wala msimtolee kitambulisho. Anafanya mzaha, naye anangoja ucheke. Ni ajabu kuwa msemo huu tumeuzaa sisi, na pengine ndio sisi tusioufahamu.

Sasa tuje ofisini, maana ndiko tunakokula mkate wetu.

Karani mpya wa masijala hukuta juu ya dokezo maneno mawili, "Please speak", na chini yake herufi za jina la mkubwa. Hujiuliza aseme nini, na aseme na nani. Maana yake ni kwamba mwenye jalada aende akaonane na mkubwa, walizungumze jambo hilo kwa mdomo. Maneno ya namna hii walituachia Waingereza, wakaenda zao mwaka 1961, lakini maneno hayakupanda meli. Mengine tumeyapa Kiswahili. Mengine yangali yanaandikwa pembeni mwa karatasi kama yalivyoandikwa zamani.

Liko na neno "afraid". Mkubwa akisema kwa simu, "I'm afraid the Director is out", hamwogopi mtu ye yote. Anasema kwa adabu kwamba Mkurugenzi hayupo, naye asikitika kukuambia. Yako na maneno ya amri yaliyovikwa nguo za ombi. Mwingereza akikuambia, "You might like to look at this again", usifikiri amekuachia hiari. Amekuambia kazi yako ina kosa na uirudie. Na akitanguliza kwamba anakuheshimu sana, "with all due respect", jitayarishe, maana linalofuata ni kukupinga.

Neno moja latupasa kulitaja kwa namna ya pekee kwa sababu ya mikutano yetu na watu wa mataifa mengi, hasa katika kazi za wakimbizi. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, makarani wengi wa mkoa huu wameketi meza moja na Waingereza na Wamarekani, wakiandika kumbukumbu za mikutano. Neno hilo ni "to table". Kwa Mwingereza, "to table" jambo ni kuliweka mezani lizungumzwe sasa. Ni sawasawa na sisi tusemavyo kuwasilisha hoja. Kwa Mmarekani ni kinyume chake: ni kuliweka kando lisizungumzwe, pengine lisirudi kabisa. Watu wawili wakikubaliana "to table" habari ya mahema, mmoja atangoja mazungumzo na mwingine atafunga daftari lake. Karani mwandikaji hapo asiandike kamwe asichokijua, na aulize papo hapo, "Do you mean discuss it now, or leave it?" Wote wawili watamshukuru, kwa kuwa wao wenyewe mara nyingi hawatambui kwamba wametofautiana.

Lakini katika yote, liko kosa moja ambalo twaliona kila siku, na halitoki katika msemo mgumu. Latoka katika neno fupi kuliko yote, "yes". Sisi tukiulizwa, "Hujaipata hundi?" nasi hatujaipata, hujibu, "Ndiyo, sijaipata." Tunakubali yale aliyosema muulizaji, nasi tuna haki kwa lugha yetu. Mwingereza haendi hivyo. Yeye hafuati swali. Hufuata jambo lenyewe. Akiulizwa, "You haven't received the cheque?" naye hajaipata, hujibu "No". Akisema "Yes" amesema ameipata, au aanza kukukanusha. Basi fikirini karani wa malipo anaulizwa swali hilo kwa simu kutoka mbali, naye kwa unyofu kabisa anajibu "Yes", na laini inakatika kabla hajaongeza neno. Huko upande wa pili wameandika kwamba hundi imefika. Huku watu wanangoja mishahara. Na baadaye zikianza barua za kuulizana, aliyesema "Yes" ndiye atakayeonekana mwongo, na pengine mwizi.

Dawa yake ni nyepesi. Msijibu kwa "yes" wala "no" peke yake. Jibuni sentensi nzima: "We have not received it." Hapo hata simu ikikatika, ukweli umekwisha fika. Jambo kama hili mtu hulifahamu upesi akizoea mazungumzo, kwa sababu katika mazungumzo mwenzako hukunja uso mara moja ukijibu kinyume, nawe ukajua kwamba umepotea. Karatasi haikunji uso.

Tena iko misemo inayofaa kujulikana lakini haifai kutumiwa. Mojawapo ni "kick the bucket", yaani kupiga ndoo teke. Maana yake ni kufa, na kijana aliyeipata katika orodha ya misemo huona ni njia nzuri ya kusema kwamba mtu ameaga dunia. Siyo. Ni maneno ya dhihaka, ya kusemwa kwa kuchekesha. Karani akiliandika hilo katika barua ya rambirambi kwa mjane, hata kama barua nzima ni ya huruma, mjane atasikia kicheko. Orodha haikumwambia hivyo. Ilimpa maana, ikamficha heshima ya msemo. Angewasikia watu wakilitumia angeona wenyewe kwamba hawalisemi msibani.

Kadhalika na msemo wa mvua kunyesha mapaka na mambwa. Tulifundishwa huo shuleni kana kwamba Waingereza hawana njia nyingine ya kusema mvua ni kubwa. Ni msemo wa kweli, lakini siku hizi ni nadra kuwasikia wenyewe wakiutumia. Ni kama mtu avaaye kofia ya babu yake. Hili ndilo tusilolipenda katika vitabu vya misemo: huweka pamoja yaliyo hai na yaliyozeeka, ya mezani na ya vilabuni, na yote huonekana sawa.

Basi mazungumzo hayo tutayapata wapi? Hili ni swali la haki, kwa kuwa Kigoma si Arusha. Hapa ziwani mtu husikia Kiha, na Kiswahili cha Ujiji, na Kirundi, na wafanya biashara kutoka Kongo na Burundi huchanganya na Kifaransa. Kiingereza cha maongezi ndicho kilicho haba. Lakini si kwamba hakipo. Meli yetu Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi kazini mwaka 1927, kwa miaka mingi ilikwenda mpaka Mpulungu katika Zambia, nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya serikali. Wazee waliosafiri au kufanya kazi melini walikisikia Kiingereza cha wafanya biashara wa kule, kisicho cha vitabu. Vile vile Gombe: tangu Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960, vijana wa vijiji vya kando ya ziwa wamefanya kazi msituni pamoja na wataalamu wa kigeni, wakizungumza nao siku nzima huku wakiwafuata sokwe. Watu hawa tunao majirani, na hatuwaulizi. Twaona kwamba, kwa kuwa wengine hawana vyeti, hawana la kutufundisha. Tukumbuke Susi.

Na hata neno tunalotumia kila asubuhi, kupiga deki, lilitoka katika Kiingereza cha melini. Hakuna mwalimu aliyelileta. Liliingia kwa masikio, likavaa kanzu ya Kiswahili, sasa ni letu.

Kizuizi kikubwa, ndugu zetu, si uhaba wa watu wa kuzungumza nao. Ni haya. Karani akisikia asilolijua hutikisa kichwa, akasema "Yes, sir", akatoka nje na wasiwasi wake. Aona kwamba akiuliza atashuka cheo machoni pa mgeni, au mbaya zaidi, machoni pa tarishi aliye mlangoni. Sisi twasema ya kwamba mgeni haoni hivyo. Yeye naye akiambiwa kwamba fulani amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, huuliza maana yake bila aibu, nasi hufurahi kumweleza, tena humpenda zaidi. Kwa nini tumnyime furaha hiyo? Semeni, "Sorry, what does that mean?" Maneno matano, hayana gharama.

Mkiusikia msemo, uchukueni mzima. Msiukate vipande kama yule ndugu wa uwanja wa mpira. Tazameni nani amesema, amemwambia nani, na uso wake ulikuwaje. Mkubwa kwa mdogo? Rafiki kwa rafiki? Kisha ngojeni. Sisi desturi yetu ni kutoutumia msemo mpaka tumeusikia kwa watu watatu mbalimbali. Wengine wataona ni woga. Na katika barua ya kazi afadhali maneno ya wazi siku zote. Msemo ni wa kinywani, kwenye barua mara nyingi hukaa vibaya.

Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali pale Tanga mwaka 1922, walijua ya kuwa karani ajifunzaye peke yake hafiki mbali. Mwaka 1931 Kayamba mwenyewe alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza habari ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mtu anayeulizwa maswali na mabwana wa Bunge hana nafasi ya kufungua kamusi chini ya meza.

Kwa hiyo tumeleta ombi mbele ya kamati, Bwana Mwenyekiti, nalo limekubaliwa: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, tutakutana hapa hapa Simbo kwa saa moja na nusu, tuzungumze Kiingereza mambo ya kawaida, ya mvua, ya samaki, ya bei ya mawese, ya mpira. Hapatakuwa na mwalimu, wala ubao. Mzee mmoja aliyefanya kazi melini amekubali kuja, na dada mmoja wa hospitali aliyesoma Zambia. Kamusi zibaki nyumbani. Atakayemcheka mwenziwe atatoa faini ya shilingi elfu moja, itakayoingia katika mfuko wa chai. Kila mtu aje na msemo mmoja alioupata kwa masikio yake mwenyewe, si kwa kitabu, aseme ameusikia wapi na kwa nani. Na kama hajui maana yake ni vizuri zaidi, tutautafuta pamoja.

Chai ni juu ya chama. Vikombe ni kumi na viwili tu, basi wenye vikombe vyao waje navyo.